Viziwi, simu na mpaka wa Namanga

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wale waliozoea kunisoma nikilalamikia hifadhidata watanisamehe. Leo nina hadithi ya historia, na nina deni la kulipa.

Deni lilianzia dukani kwa mama yangu pale Namanga, upande wa Kenya, hatua chache tu kutoka barabara kuu inayoelekea Arusha. Mimi naishi Kitengela, naandika programu kwa riziki yangu, na kila mwisho wa mwezi hupanda matatu kwenda kumwona Mama: Isinya, Kajiado mjini, Bissil, halafu Namanga. Mama ana mteja wake wa siku nyingi, mzee wa makamo anayeuza nguo za mitumba. Ni kiziwi. Huelewana na Mama kwa vidole, kwa kikokotoo na kwa kucheka sana.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nimetengeneza kitu nilichokiona cha ajabu. Ukiandika neno la Kiswahili kwenye simu, kilikuonyesha mchoro wa mkono wenye ishara ya neno hilo. Neno kwa neno, mchoro kwa mchoro. Nilikuwa nimelala usiku wa manane wiki nzima nikikitengeneza, kwa hiyo nilienda Namanga nimevimba kifua. Nikampa mzee. Akatazama, akabonyeza, akatabasamu kama mtu anayetazama mchoro wa mtoto. Halafu akachukua simu yake akaandika, kwa Kiingereza kizuri tu, mambo matatu. Kwamba Kiswahili cha kuandika hakijui sawasawa, maana shuleni hakufundishwa. Kwamba kile nilichomwonyesha hakikuwa lugha. La tatu lilikuwa swali: kabla ya kutengeneza, ulimuuliza nani?

Sikuwa na jibu. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na sikuwa na jibu.

Basi nikaanza kusoma. Nilianza na simu yenyewe, kwa kuwa nilidhani simu iliwasahau viziwi kwa sababu waliounda hawakuwafahamu. Kumbe! Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, aliishi na viziwi maisha yake yote. Mama yake alikuwa na masikio mazito sana. Mkewe, Mabel, alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na umri wa miaka 5 baada ya kuugua. Bell mwenyewe alikuwa mwalimu wa viziwi kule Boston. Na bado akatoa chombo ambacho mkewe hakuweza kukitumia. Fikiria hapo kidogo. Kuwajua watu hakumtoshi mtengenezaji kama ameshaamua mwenyewe shida yao ni nini.

Kwa Bell shida ilikuwa sikio. Aliamini kwamba kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo, na mikono yake itulie. Hakuwa peke yake. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia, wajumbe 164, na kati yao kiziwi alikuwa mmoja tu. Wakapiga kura kwamba ufundishaji wa kutamka uchukue nafasi ya ishara shuleni. Shule nyingi za Ulaya na Marekani zikawaondoa walimu viziwi na kuwakataza watoto kutumia mikono. Kongamano la aina hiyohiyo lilipokutana Vancouver mwaka 2010 ndipo lilipoeleza rasmi majuto yake. Miaka 130! Mimi nimewahi kuacha hitilafu kwenye programu kwa miezi minne nikaona haya.

Huenda ukauliza Milano inahusiana vipi na Kajiado. Inahusiana moja kwa moja. Shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma zilipofunguliwa mwaka 1961, mikononi mwa wamishonari Wakatoliki, njia iliyotoka Ulaya ilikuwa ileile ya kutamka na kusoma midomo. Mtoto anakaa mbele ya mwalimu anajaribu kutoa sauti asiyoisikia. Tanzania walipata shule yao ya kwanza ya viziwi Tabora mwaka 1963. Lakini watoto ni watoto. Darasani mikono ilitulia. Bwenini usiku mikono iliongea. Watoto waliotoka makwao na ishara za nyumbani tu, ambazo mama na kaka pekee ndio waliozielewa, walikutana na wenzao na wakajenga kitu kikubwa zaidi. Hivyo ndivyo Lugha ya Ishara ya Kenya ilivyokomaa, mabwenini na viwanjani.

Afrika nzima haikufuata njia hiyo. Andrew Foster, Mmarekani mweusi ambaye naye alikuwa kiziwi, na mtu mweusi wa kwanza kupata shahada pale Gallaudet mwaka 1954, alikuja Accra mwaka 1957 akaanzisha shule iliyofundisha kwa ishara. Kabla hajafa alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 barani. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda tarehe 3 Desemba 1987. Ikumbuke tarehe hiyo, nitairudia.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda. Toka simu ya Bell hadi mwaka 1964 ni miaka 88, na kwa muda huo wote kiziwi wa Marekani aliyetaka kumwambia rafiki yake kitu alilazimika kumwendea au kumwomba jirani anayesikia ampigie. Aliyevunja ukuta huo hakuwa kampuni ya simu. Alikuwa Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi wa California, mpenzi wa redio za mawimbi. Nyumbani alikuwa na mashine ya teletaipu, ile ya kuandikiana kwa mbali iliyotumiwa na mashirika ya habari, na aliiunganisha na redio yake. James Marsters, daktari wa meno ambaye naye alikuwa kiziwi, akamuuliza swali rahisi: kwa nini tusiiunganishe na simu?

Tatizo lilikuwa la kisheria kabla halijawa la kiufundi. Kampuni ya simu haikuruhusu mtu kuunganisha chombo chake kwenye waya zake. Weitbrecht akapita pembeni. Akatengeneza kifaa unachokilaza mkono wa simu juu yake, kama unavyomlaza mtoto kitandani. Teletaipu inatoa herufi, kifaa kinazigeuza kuwa milio, mkono wa simu unaisikia ile milio kama sauti ya mtu, na upande wa pili milio inageuzwa tena kuwa herufi. Hakuna waya uliokatwa, hakuna sheria iliyovunjwa. Ilikuwa modemu, jamani! Sisi tuliokuwa wadogo enzi za intaneti ya kupiga namba tunaijua ile milio. Na modemu hii ilizaliwa nyumbani kwa kiziwi kwa sababu kiziwi alitaka kuongea na rafiki yake.

Kwa wenzangu wa fani: mashine zile zilitumia msimbo wa Baudot wa biti 5, yaani michanganyiko 32 tu, na ufunguo wa kuhama kati ya herufi na tarakimu. Herufi zote kubwa. Kasi yake ilikuwa kama herufi 6 kwa sekunde. Ukimaliza sentensi unaandika herufi mbili za kumwambia mwenzako zamu ni yako, kwa kuwa wote wawili hamuwezi kuandika kwa pamoja. Mashine zenyewe zilikuwa mitumba (naam, mitumba!), zile ambazo makampuni yalikuwa yakizitupa, nzito kiasi cha kuhitaji wanaume wawili kuzibeba. Viziwi walizikusanya, wakazitengeneza wenyewe kwenye magereji yao na kugawiana. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Carterfone kwamba watu waruhusiwe kuunganisha vyombo vyao kwenye mtandao wa simu, Weitbrecht na wenzake walikuwa wameshakuwa hewani kwa miaka minne.

Kwetu teletaipu za viziwi hazikufika kwa maana yoyote ya kuhesabika. Simu yenyewe ya waya ilikuwa adimu, ya kiziwi je? Hapa kuna jambo linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Kenya ya mwaka 2003, kifungu cha 40, iliwataka wenye kutoa huduma za simu za umma waweke, kadiri iwezekanavyo, vyombo vya kuwafaa wenye ulemavu wa kusikia. Simu za umma! Vibanda vile vilikuwa vinaelekea kufa. Wakati sheria ikiandikwa, jibu lilikuwa tayari mfukoni mwa watu na hakuna aliyelipangia viziwi: ujumbe mfupi.

Ujumbe mfupi wa kwanza duniani ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Desemba kuwa siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, na ndiyo tarehe aliyofariki Foster miaka 5 kabla. Ni sadfa tu, sidai zaidi. Waliobuni ujumbe mfupi walitafuta nafasi ndogo iliyobaki kwenye njia ya mawimbi ya kuongozea simu, wakapata herufi 160. Viziwi waliuchukua wakaufanya simu yao. Mzee wa Namanga alinieleza kwamba simu yake ya kwanza aliinunua kwa pesa za magunia mawili ya nguo, na watu sokoni wakamcheka, kiziwi na simu wapi na wapi! Usiku ule aliandikiana na mwanafunzi mwenzake wa zamani aliyekuwa Kisumu. Hawakuwa wamewasiliana tangu wamalize shule.

Kisha Machi 2007 ikaja M-Pesa. Kwa wengi wetu ni habari ya pesa, kwa mzee ilikuwa habari ya heshima. Kabla yake kila malipo makubwa yalihitaji mtu wa kusikia katikati, binamu au jirani, na yule wa katikati alijua siri zako zote na mara nyingine alijikatia chake. Sasa kiasi kinaandikwa kwenye kioo, jina la mpokeaji linaandikwa, na uthibitisho unakuja kwa maandishi. Hakuna anayehitaji kupaza sauti. Ila ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi kwenye huduma yoyote ya namna hii, au ukifungiwa akaunti ya benki, njia iliyozoeleka kwa miaka mingi ni "tupigie". Hapo binamu anarudi.

Nirudi kwenye neno lile lililonichoma, kwamba nilichotengeneza hakikuwa lugha. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu anayesikia pale Gallaudet, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba ishara za viziwi wa Marekani si maigizo bali zina muundo: umbo la mkono, mahali unapowekwa, mwendo wake. Badili kimoja na maana inabadilika, sawa na kubadili herufi moja kati ya "paka" na "paka" la kuta, hapana, mfano mbaya huo, sema "paka" na "taka". Baadaye ikaeleweka kwamba uso nao ni sarufi. Katika lugha nyingi za ishara, nyusi ndizo zinazogeuza taarifa kuwa swali. Programu yangu ilionyesha mkono bila uso, kwa mpangilio wa maneno ya Kiswahili. Ni kama nichukue msimbo wako, nifute alama zote na mabano, nipange mistari kwa alfabeti, halafu nikushangae kwa nini haufanyi kazi.

Kenya kazi ya namna hiyo ilifanyika pia, na haikufanywa na wanaosikia peke yao. Katikati ya miaka ya 1980 Wizara ya Elimu ilianza kuruhusu ishara madarasani, na katika miaka hiyo viziwi wakaunda chama chao cha kitaifa, KNAD. Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya tangu mapema miaka ya 1990, ambako wanaisimu kama Okoth Okombo na Philemon Akach walifanya kazi na viziwi wenyewe kuiandika lugha yao. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa sheria. Uganda walitutangulia: katiba yao ya 1995 iliitaja lugha ya alama, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Shuleni nako ikawa somo, na hapa ndipo nilipoelewa kosa langu la kwanza. Katika mtihani wa KCPE mtahiniwa kiziwi alifanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Ni haki, maana ndiyo lugha yake. Lakini matokeo yake ni kwamba viziwi wengi wa Kenya huandika Kiingereza, siyo Kiswahili. Vuka hatua mia kadhaa hapo Namanga, uingie Tanzania, na kiziwi wa Longido ameandikiwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, na ishara zake ni Lugha ya Alama ya Tanzania ambayo ni nyingine. Hata jina hatukubaliani: sisi "ishara", wao "alama".

Nimewatazama mzee na mfanyabiashara mwenzake wa upande wa pili wakiongea. Kila mmoja ana lugha yake ya mikono, kila mmoja ana lugha yake ya kuandika, na ndani ya dakika mbili wameunda ya tatu. Bei zinakubaliwa, mtu anasengenywa (nadhani ni mimi), wanaagana. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili mwezi Desemba 2018 kinaunganisha uhamiaji na forodha za pande zote chini ya paa moja. Hawa walikuwa wameshaunganisha zamani.

Siku hizi huongea hata kwa video. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, wengi tulifurahia kupakua filamu. Kwa viziwi ilikuwa ni simu kwa maana kamili, kwa mara ya kwanza katika lugha yao wenyewe. Mazungumzo ya ishara yanataka picha kama 20 kwa sekunde ili vidole visipotee, tena na mwanga. Mzee hupiga simu akiwa amesimama mlangoni mwa duka la Mama, siyo ndani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Na bado sisi watengenezaji tunarudi kwenye dhambi ya Bell. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington walipewa tuzo kwa glavu za kugeuza ishara kuwa sauti. Dunia ikashangilia, viziwi na wanaisimu wakapinga kwa maandishi kwamba glavu haioni uso, na kwamba mzigo wa kuvaa chombo umewekwa kwa kiziwi ili anayesikia asijisumbue. Kuna dalili kwamba tunajifunza. Mkenya Elly Savatia, aliyeshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering mwaka 2025 kwa Terp 360, amekwenda upande mwingine: maneno yanageuzwa kuwa ishara za kikaragosi mwenye mwili na uso, kutokana na miondoko iliyorekodiwa kwa viziwi wenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 153,361 wa miaka 5 na zaidi wenye shida ya kusikia nchini. Sio wote wanaotumia ishara, lakini ni watu wa kutosha kuulizwa.

Basi nikamuuliza mzee, mwaka jana, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo: unataka nini? Nilitegemea aseme mkalimani wa akili bandia au kitu cha namna hiyo. Akaandika hadithi. Alimpeleka bintiye mdogo kwenye zahanati moja (jina naliacha), mtoto ana homa kali. Alipewa namba 9 asubuhi. Namba ziliitwa kwa mdomo kupitia dirishani. Alitazama midomo ya karani hadi macho yakauma, karani akageuka kuongea na mwenzake, namba 9 ikapita. Alionwa saa tisa alasiri. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini mzee alisema anachotaka ni kujua zamu yake imefika. Hicho tu.

Ilinichukua jioni moja. Mistari isiyofika 60, na modemu ya USB ya elfu mbili. Karani anabonyeza namba, simu ya mwenye namba inapata ujumbe na kutetemeka. Zahanati ilikubali kujaribu. Kinafanya kazi Jumanne na Alhamisi, kwa sababu siku nyingine karani ni tofauti na huyo hataki habari ya kompyuta. Kina mama wanaosikia vizuri kabisa wamekipenda kuliko mtu yeyote, maana sasa wanasubiri nje kivulini chini ya mgunga.

Mzee amenirudishia orodha ya hitilafu. Ujumbe unakuja kwa Kiswahili, yeye anautaka kwa Kiingereza. Mama anautaka ubaki Kiswahili. Na rafiki yake wa Longido, ambaye naye huja kutibiwa upande huu, ana laini ya Tanzania na ujumbe haumfikii kabisa. La lugha nimelirekebisha wiki iliyopita. La Longido bado, na Jumamosi naenda Namanga.